Kalibu Iliyotoka Jasho

Riziki mwanangu,

Usicheke. Najua nimekuzidi miaka minne tu, na najua neno hilo utalisoma kwa ile sauti ya puani unayotumia kunikejeli. Lakini tangu Mama alipofariki, mimi nikiwa na miaka minane na wewe minne, nimekusuka nywele, nimekukagua kucha, nimeiga saini ya Baba kwenye daftari lako, na nimesimama nje ya mlango wa choo nikikuhesabia mpaka mia kwa sababu ulimwogopa mjusi. Leo tu niruhusu nikuite mwanangu. Kesho alfajiri ukishapanda ndege utarudi kuwa mdogo wangu, na mimi nitarudi kuwa dada asiyejua kusema na watu.

Mambo ya soksi, mswaki na kutolala na nywele mbichi siandiki. Baba ameshayasema, shangazi ameyarudia kwenye simu, na wewe huyafuati hata yakibandikwa ukutani. Nakuandikia kwa sababu ya begi lako.

Asubuhi nililinyanyua nione kama limezidi uzito wa ndege. Halikunyanyuka. Nikadhani limenasa kwenye mguu wa kitanda. Nikalifungua, na chini ya sketi mpya za shule, ndani ya taulo langu, nikakuta vipande saba vya madini ya risasi, ile sufuria nyeusi ya kuyeyushia, na kalibu ya chuma ya matundu sita ambayo Baba anaitafuta tangu Jumamosi huku wewe ukimsaidia kuitafuta. Uliinama mpaka chini ya gari.

Riziki. Unakwenda Tanga, huendi mwezini. Tanga kuna gereji, na katika kila gereji kuna ndoo ya vile vipande vya kusawazishia magurudumu ambavyo fundi atafurahi ukimwondolea. Uliwaza nini, kupandisha risasi kwenye ndege? Na sufuria je? Bibi unayekwenda kukaa naye macho yake hayaoni vizuri. Ataiokota siku ya kwanza aipikie mchuzi, na risasi haina ladha ya kumwonya mtu kwamba anakula sumu. Vyote nimevitoa. Usinune kabla hujamaliza kusoma.

Kalibu nayo nimeitoa. Ungeniuliza ningekuambia kwamba umechagua vibaya. Hukuniuliza, kwa sababu katika nyumba hii hujaruhusiwa kuuliza habari za kalibu kwa zaidi ya miaka miwili. Huko nitafika. Ninaanza na lililo jepesi.

Uliichukua ya matundu sita kwa sababu ni kubwa. Nakujua, ukiwekewa kijiko na upawa unachukua upawa. Sasa sikiliza. Ukifika tundu la sita, lile la kwanza limeshapoa, upawa umeshapungua moto, na mkono ulioshika mpini unatetemeka kwa uzito. Mkono ukitetemeka, pande mbili za kalibu haziumani sawasawa, na machubwi ya kuzamishia mshipi yanatoka na mbawa pembeni kama samaki waliochorwa na mtoto. Baba mwenyewe aliinunua siku alipotaka kumaliza kazi mapema, akaitumia mara nne, akairudisha kwenye rafu na kusingizia bega. Anayeanza huanza na matundu mawili. Moja la kujifunzia, la pili la kumwonyesha kama lile la kwanza lilikuwa bahati.

Tena ni ya chuma. Chuma kinashika moto muda mrefu, sikatai, lakini upepo wa chumvi wa Tanga utaila kwa kutu kabla hujajua majina ya wanafunzi wenzako. Utalazimika kuipaka mafuta kila ukiiweka, na kila ukiitoa uyafute yote, kwa sababu mafuta yakibaki kwenye tundu yanatoa moshi, na chubwi linatoka limekunjamana kama uso wako ukiamshwa kwa sala ya alfajiri. Wewe mtu ambaye sanduku lako la chakula cha shule lilikaa siku tisa kabla ya kuoshwa. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu, na inapata moto haraka. Udhaifu wake ni ulaini. Chubwi likigoma kutoka usilichokonoe kwa bisibisi, maana alama utakayoacha ndani ya tundu utaiona kwenye kila chubwi mpaka uzeeni. Gonga bawaba kwa kipande cha mti, taratibu. Likigoma kila mara, likishatoka iache kalibu wazi, washa mshumaa, ufukize masizi ndani ya matundu, ujaribu tena.

Halafu umbo. Hapa ndipo uliponichosha kabisa. Ile ya matundu sita inatoa machubwi ya pembe nne yaliyochongoka. Baba anapenda umbo hilo kwa sababu huku Wakra, jirani na Doha, anakovulia chini ni mchanga mtupu. Chubwi likidondoka linajichimbia na mkondo hauliburuti. Bibi amekuambia mwenyewe kwenye simu, nikiwa nimekaa pembeni yako, kwamba pale kwao chini ni mawe na matumbawe. Chubwi la pembe litanasa kila ukirusha, utakata mshipi, utarusha jingine, litanasa. Kwa mwezi mmoja utakuwa umewawekea samaki wa Tanga sakafu ya risasi. Huko unahitaji umbo la tone la maji, laini pande zote, lisilo na pembe ya kushikwa.

Kalibu ya umbo hilo iko moja tu nyumbani. Ya alumini, matundu mawili. Ni ile yangu.

Unakumbuka Baba alivyonipa? Kila Ijumaa akiwa hana zamu hotelini alikuwa anaweka jiko la gesi uani, anayeyusha risasi, anasubu machubwi yake na ya wenzake wa ulinzi wanaovua naye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa siwezi kumwomba hata dereva wa basi la shule anishushe. Mara mbili nilipitilizwa mpaka mwisho wa Al Wukair nikarudi kwa miguu. Lakini pale uani nilikuwa naweza kusimama saa nzima bila mtu kunitaka niseme. Nilikuwa naweka vitanzi vya waya kwenye matundu, nafunga, nasubiri, nafungua. Siku moja Baba akanitazama akasema, "Mkono wa Saumu hauna haraka." Wiki iliyofuata akaniletea kalibu ndogo, mpya, akaniambia ni yangu, niitunze.

Hujui sentensi ile ilinifanyia nini. Wewe unasifiwa kila siku. Unaingia dukani unatoka umejua jina la muuzaji, kijiji chake na ugonjwa wa mama yake. Mimi nilisifiwa kitu kimoja.

Nikaitunza kipumbavu. Kalibu zote zinakaa stoo ya nje, kwenye rafu, kwenye joto lilelile la uani. Mimi yangu niliingia nayo chumbani. Niliiweka kwenye droo iliyo chini ya kiyoyozi, nimeifunga kwa kitambaa, na kabla ya kulala nilikuwa naitoa naitazama. Uliniona ukanicheka, ukasema mimi ndiye mtu wa kwanza kulala na kipande cha sufuria.

Sasa nafika kwenye Ijumaa ile. Naomba usiruke mistari.

Ilikuwa mwezi wa tisa, zile siku ambazo hewa ya Doha inakuwa kama taulo lililolowa. Anko Wafula, anayelinda lango moja na Baba, alikuja mapema kuchukua machubwi yake kabla ya kwenda kanisani Mesaimeer. Alisimama pale uani amevaa suruali ya ibada, akitazama saa kila baada ya neno.

"Baba Saumu, ibada ni saa tatu na mimi ndiye naongoza nyimbo. Unataka waimbe pekee yao?"

"Waimbe tu. Mungu anawaelewa," Baba akamjibu. "Saumu, lete kalibu."

Nikaitoa kwenye droo, nikaileta. Unajua utaratibu. Kalibu inaegeshwa ukingoni mwa sufuria mpaka ipate moto, ndipo mtu anamimina. Baba alikuwa amenipa mgongo, anaondoa ule uchafu wa kijivu unaoelea juu ya risasi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika mpini.

"Imepata moto?" akauliza bila kugeuka.

Aliyenigeukia ni Wafula. "Huyu msichana wako, Mzee, anaenda polepole kama foleni ya visa. Dada, tutafika mbinguni kabla ya kanisani."

Mtu akinitazama, mimi hutafuta neno fupi kuliko yote ili aache kunitazama. Nikasema, "Tayari."

Baba akageuka, akamimina. Risasi iliingia na palepale ikatoka. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, kama kofi, na risasi ikaruka juu, ikampata kwenye kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia. Baba hakupiga kelele. Aliuweka upawa chini kwanza, polepole, ndipo akakaa.

Wewe ulikuwa nyuma yake na gilasi ya maji ya barafu uliyomletea Wafula. Gilasi ilikuwa inatiririka kwa nje, matone yanadondoka kwenye vidole vyako. Wote tuliiona. Wafula akasema, "Ni huyo mtoto. Maji ya gilasi imeanguka kwa kalibu." Ukaitazama gilasi, ukautazama mkono wa Baba, ukasema, "Samahani, Baba." Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliomba msamaha kabla mtu yeyote hajakuuliza kitu.

Na mimi niliamini. Nataka ulijue hilo, ingawa halinisaidii. Nilijua kwamba nimesema tayari na haikuwa tayari, lakini nilichojua mimi kuhusu kalibu baridi ni kwamba inatoa chubwi lenye mikunjo, unalirudisha kwenye sufuria, basi. Sikujua kwamba inaweza kumchoma mtu. Kwa hiyo nilikaa kimya kwa kosa nililodhani ni dogo, nikakuachia wewe lile kubwa.

Wafula alimpeleka Baba hospitali, ibada ikamkosa. Jioni Baba alirudi na bandeji, akachukua kopo la rangi nyeupe lililobaki tulipopaka mlango, akachora mstari uani. "Riziki, siku za risasi wewe unakaa upande ule. Sikugombezi. Maji na risasi havikai pamoja, na wewe ni mtu wa maji." Wafula alipokuja tena akaucheka ule mstari, akakupa jina. Mvua. Katika nchi ambayo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuipiga picha, wewe ukawa Mvua.

Wiki mbili baadaye nilitoka chumbani kuwahi basi la shule. Nilifungua mlango wa nje na miwani yangu ikawa nyeupe, sioni kitu. Hilo linanitokea kila asubuhi ya joto tangu nianze kuvaa miwani, na kila mvaa miwani wa Doha anajua. Unatoka kwenye baridi ya kiyoyozi, unyevu wa nje unakurukia. Nilishaanza kuifuta kwa pembe ya mtandio. Nikasimama.

Nilirudi ndani. Nikaitoa kalibu kwenye droo, ikiwa baridi kama kitu cha kwenye friji, nikatoka nayo uani, nikaifungua. Sikuhesabu hata kumi. Iling'aa, ikafifia, ikatoka jasho. Nilipitisha kidole ndani ya tundu kikaacha mfereji. Matundu yote mawili yalikuwa yamejaa umande.

Basi likaniacha. Nilibaki pale upande wa ndani wa mstari, nimeshika maji yaliyomchoma Baba, na hayakutoka kwenye gilasi yoyote.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nimejiuliza mpaka nimejichoka. Nilijiambia nitasema Baba akipona. Akapona. Nikajiambia nitasema ukilitaja mwenyewe. Hukulitaja. Kila wiki iliyopita ilifanya maneno yawe marefu zaidi, na mimi maneno marefu siyawezi. Lakini hizo ni sababu za kupamba. Ukweli ni kwamba Baba alikuwa bado anasema mkono wa Saumu hauna haraka, na nilijua siku nikisema ataacha kusema. Nilikuwa na sifa moja, nikakulipisha wewe.

Na wewe pia ulinikasirisha, nisikufiche. Kwa nini hukukataa? Wewe unayebishana na mwalimu wa hesabu juu ya nusu alama. Ungesema mara moja tu, "Gilasi nilikuwa nimeishika mbali," mimi ningepata pa kushika. Badala yake ulikubali, ukacheka nao, ukafanya kuwa kichekesho chako. Siku ile ya shambani Umm Salal, tulipoalikwa na wenzake Baba, ulikuja na sinia la chai na Wafula akapaza sauti, "Mvua inakuja, shikeni viti." Watu wakacheka. Ukacheka kuliko wote. Ukaliweka sinia chini, ukaificha mikono nyuma. Mimi nilikuwa nakata keki. Tangu siku ile hujabeba chai ya wageni tena, Riziki. Unasema uvivu. Mimi nakugombeza kwa uvivu mbele ya watu, huku najua.

Mwezi uliopita Bibi alipiga simu kuomba mjukuu mmoja akasome huko na kukaa naye, maana anabaki peke yake. Ulikubali kabla Baba hajafungua mdomo. Baba alifurahi, akasema Riziki ana moyo. Nami nikafurahi mpaka nilipokusikia ukiongea na Bibi jikoni ukidhani nimelala mchana. Ulisema, "Bibi, huko nitasubu machubwi mwenyewe. Huko hakuna mtu anayeniita Mvua." Kisha ukacheka kile kicheko cha shambani.

Nilijifanya nimelala, kazi ninayoiweza kuliko zote.

Ndiyo maana begi lako limenivuruga asubuhi hii. Kilo zile zote za risasi, kalibu iliyokuzidi ukubwa, sufuria ya sumu. Hukuwa unaiba. Ulikuwa unabeba ua wetu wote isipokuwa mstari.

Baba aliporudi kutoka kazini baada ya adhuhuri, wewe ukiwa umekwenda Wakra kuagana na wenzako, nilimkuta sebuleni anafunga kamba kwenye boksi la zawadi za Bibi. Kovu lilikuwa juu ya kamba, naliona. Nikamwambia. Nilianza na droo, nikamaliza na miwani. Nilisema haraka, pengine mara ya kwanza katika maisha yangu.

Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki mbili baada ya kuungua."

"Miaka miwili, Saumu." Akaiacha kamba. "Ungeniambia wiki ile ningekukaripia siku moja, ya pili tungekula pilau. Sasa nikukaripie kwa siku ngapi?"

Akalisukuma boksi pembeni, akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Mimi ndiye nilikuwa na upawa. Mwenye upawa ndiye anayeangalia. Nilimuuliza mtoto na mgongo nimempa." Akalitazama lile kovu. "Nikamchorea mwingine mstari."

Kisha akachukua simu, akampigia Wafula, akaweka sauti ya nje.

"Wafula, yule mtoto si Mvua. Maji yalikuwa kwenye kalibu yenyewe. Ilitoka kwenye kiyoyozi."

"Ati kalibu ilitoa jasho?"

"Ilitoa jasho."

"Haki ya Mungu, Mzee. Na vile nimemsumbua huyo mtoto. Sasa nitamwita nani? Nimezoea."

"Ana jina. Mwite hilo."

Baada ya kukata, Baba akanigeukia. "Riziki utamwambia wewe. Mimi siwi mdomo wako."

"Nitamwandikia."

"Mnalala chumba kimoja na unamwandikia barua?"

Nikamweleza, na wewe utanielewa kuliko yeye. Nikikuambia kwa mdomo nitalia. Nikilia utaanza kunibembeleza, maana ndivyo ulivyo, na nitakuwa nimesamehewa kabla sijafika katikati. Sitaki unisamehe nusu ya habari. Soma yote, kisha ufanye unavyotaka. Unaweza kukasirika mpaka Tanga na mpaka Tanga kuishe. Nitapokea simu zako hata ukipiga kwa ajili ya kuninyamazia tu.

Na kuhusu safari, sikuombi ubaki. Baba amesema ukitaka kubaki atazungumza na Bibi, na tiketi si hoja. Ukitaka kwenda, nenda. Ninachokuomba ni kimoja, usiende kwa sababu ya maji ambayo hukuyamwaga. Kama ni Bibi, kama ni shule, kama ni bahari yenye mawe, nenda na moyo wako wote. Kama ni jina, jina limekwisha leo saa nane na nusu mchana, na aliyekupa ameomba radhi kwa simu, ingawa kwa Kiswahili chake.

Nilikuwa nimeamua barua hii niifiche chini ya sketi zako uikute Tanga. Mpaka ukurasa wa pili ndivyo nilivyokuwa nimeamua. Nikaona ni droo ileile tena, ninaingiza kitu mahali pa baridi nikiomba kisitoke jasho. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, na ukirudi kutoka Wakra utaiona kabla hujavua viatu.

Kalibu yangu ya matundu mawili itakuwa kwenye begi lako, imefungwa kwa kile kitambaa. Sasa ni yako. Bibi hana kiyoyozi, lakini chumvi na unyevu anavyo tele, kwa hiyo kabla ya kumimina ifungue, ipitishie kidole ndani ya matundu, iegeshe kwenye moto, na uisubiri. Machubwi ya kwanza mawili matatu yatatoka na mikunjo. Usiyatupe wala usilie, yarudishe kwenye sufuria. Yakitoka na unga mweupe kama vumbi la chaki, umezidisha moto, ipumzishe. Na ukiwa na mtu anayetazama saa, mwache aitazame.

Ila leo bado haijaingia kwenye begi. Kama unasoma hii, jua halijazama, na nadhani umeshausikia mlio wa jiko la gesi. Baba ameliweka uani. Amepiga magoti na brashi ya waya na kipande cha msasa, anausugua ule mstari, na anaugombeza kwa sababu hautoki. Sehemu kubwa bado inaonekana. Wewe upite tu juu yake.

Kalibu imeegeshwa ukingoni mwa sufuria. Glavu zako ni zile mpya, nimezikata nyuzi. Mimi nitashika mpini, wewe utashika upawa, na mtu akiuliza kama imepata moto, mimi sitajibu. Utaangalia wewe, kwa muda wowote utakaotaka, kisha utasema wewe.

Dada yako,
Saumu